Mutation ya Papa Adalbert

Mume wangu Adalbert ni mwalimu kule Kibati, na kila jioni anarudi nyumbani akiburuta miguu na kuimba wimbo mmoja: mutation. Hapa kwetu mutation ni barua ya Leta, yaani serikali, ya kukuhamisha kazi. Adalbert aliomba kuhamishiwa mjini kabla Fabiola wetu hajazaliwa, na sasa Fabiola anang'oa meno. Mutation hiyo imenichosha kuliko vumbi la volkano.

Mimi mawazo yangu yalikuwa kwa mtoto. Asubuhi Fabiola aliruka kamba vizuri. Mchana ukipita, miguu ilianza kupinda, na jua likizama hakuweza kufika hata chooni bila kubebwa. Majirani wakasema ni uvivu, wengine wakasema amerogwa. Wote niliwafukuza kwa ufagio, pamoja na nabii mmoja aliyetaka mbuzi. Nikibaki peke yangu nililia, sitaficha.

Kisha daktari Umwiza akachukua damu ya Fabiola na yetu sisi wawili. Alituambia siku hizi kuna mashine inayosoma maandishi yaliyo ndani ya damu, herufi kwa herufi, yale yanayouelekeza mwili ujijenge vipi. Alipotuita kupokea majibu, tulifika kabla mlango wake haujafunguliwa.

"Tulipata mutation," akasema daktari.

Adalbert akasimama, akavua kofia. "Mungu iko! Banituma wapi?"

"Iko ku chromosome quatorze, papa."

"Quatorze? Iyo masomo iko quartier gani? Ya bapadri ao ya Leta?"

Chromosome quatorze ni fungu la kumi na nne la yale maandishi ya damu, lakini yeye alisikia namba ya shule. Nilimvuta koti, hakukaa. Daktari, maskini, alidhani ni mshtuko, akaendelea polepole.

"Ni herufi moja tu yenye ilibadilika, papa. Uko nayo tangu kuzaliwa."

"Herufi moja! Kaswera, muke wangu, unasikia? Banaandikaka Adelbert na 'e', ndio maana dossier yangu ililala!"

"Adalbert, ikala!" Nilipiga kelele hadi muuguzi akachungulia mlangoni. "Docta, mutoto atatembea ao hatatembea?"

"Atatembea, mama."

Akaeleza kwamba herufi ile inaufanya mwili utengeneze kidogo mno kitu kinachoongoza miguu, na hicho kidogo kinaisha mchana. Kidonge cha kila siku kitajaza pengo. Fabiola ameirithi kwa baba yake, na ndiyo maana baba naye huburuta miguu jioni.

"Na mimi nilizania ni juu anakunywaka kasiksi!" nikasema. "Sasa ile harufu ya pombe?"

"Ile ni ya kasiksi, mama."

Adalbert akaketi. "Kumbe habanitume popote?"

"Hapana, papa."

Uso ukamshuka. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Lakini Fabiola atatembea?" Daktari alipoitikia, akajifunika kofia usoni akalia, nami nikampenda kuliko siku ya ndoa yetu.

Nyumbani Adalbert alimweleza Fabiola kwamba wao wawili wana mutation moja, ya miguu. Wiki ya pili ya vidonge, jua likiwa limeshazama, makaa yaliniishia jikoni. Fabiola akanyakua sahani, akatoka kwenda kuomba kwa jirani yetu mama Nsimire kabla sijamkataza. Nilisimama mlangoni nikingoja kuitwa nikambebe. Mara nikamwona anarudi mbio juu ya mawe meusi, makaa yanaruka kwenye sahani, anapiga kelele mtaa mzima usikie:

"Papa! Papa! Mutation yetu ilikubaliwa!"