Ukanda wa Mizani

Kwenye paji la uso la mama yangu kulikuwa na bonde. Lilichimbwa na ukanda wa ngozi, ule ambao wanawake wa kwetu huupitisha kichwani ili mzigo wa kuni ulale mgongoni, na ukipitisha kidole hapo ungedhani unafuata njia ya maji. Mimi pia nilikuwa nalo. Lakini asubuhi moja, mwaka wa hamsini na moja, nilijitazama katika kimoja cha vioo tulivyokuwa tukiuza dukani, nikalitafuta bonde langu nisilione. Lilikuwa limejaa nyama, kama mtaro uliozibwa na tope. Nyuma yangu mume wangu, Gerishon, alicheka kwa furaha, akamwambia mteja aliyekuja kununua chumvi, "Mwone huyu. Amesahau kuni hubebwaje."

Msije mkadhani Gerishon alikuwa mtu mbaya. Mama yake alikufa amepinda kama mundu, na siku aliyofungua duka letu pale Ruiru, karibu na stesheni, aliapa kwamba mke wake hatabeba hata kijiti. Aliuchukua ukanda wangu, akaufunga kwenye boriti, akautundikia mizani ya kupimia sukari. "Mgongo wako umestaafu, Mama Waceke," aliniambia. Nililia kwa shukrani. Mwanamke aliyewahi kupandisha kuni kutoka mtoni na mimba tumboni hahitaji kuelezwa utamu wa kiti.

Na kiti kilikuwepo. Alikiweka mlangoni, na mto mwekundu juu yake, nami nikashinda hapo kutwa na chai iliyojaa sukari, mkate uliopakwa siagi hadi ukingoni, na mandazi yasiyokwisha kwenye sahani. Wenye maduka jirani walikuwa na vibao vilivyopakwa rangi. Sisi hatukuwa na kibao. Watu waliopita walisema duka la Gerishon lina mali, mtazameni mkewe, na yeye alijibu kwamba kibao chake kinapumua.

Kilipumua kwa shida. Magoti yalilalamika nikiinuka, na ngazi tatu za mlango wa kanisa zilinifanya nikose pumzi ya wimbo wa kwanza. Tulikwenda hospitali Thika. Daktari alinisikiliza kifua, akasema, kwa kinywa cha mkalimani, kwamba moyo wangu unavuta mkokoteni uliozidi nguvu zake. Nipunguze sukari na mafuta, nitembee kila siku. Katika basi la kurudi Gerishon alisema daktari yule hawajui watu wetu, kwamba kwetu aliyekonda ndiye mgonjwa. Nilimwamini. Maneno yake yalikuja pamoja na andazi.

Kisha Mama akaugua. Kwake kulikuwa upande wa Gatongora, ng'ambo ya mto, juu ya mwinuko ambao nikiwa msichana niliupanda nikiimba. Nilifika katikati tu. Moyo ulikuwa ukitwanga kama mchi, macho yakaingia giza, nikaketi kwenye nyasi kando ya njia. Wanawake wenye kuni walinizunguka wakapita, kama watu wanavyozunguka jiwe. Sikuweza kupanda, na haya ilinikataza kushuka. Nilipoinua kichwa nikaona mtu anateremka polepole, blanketi mabegani, mkono mmoja kwenye fimbo. Alikuwa Mama. Alikuwa ameambiwa binti yake amekwama njiani, naye mgonjwa akashuka kumwona mzima.

Aliketi kando yangu. Tulihema wote wawili, yeye kwa homa, mimi kwa mkate. Baada ya muda akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya maharagwe, "Nikifa wiki hii, Waithira, itabidi waniteremshe barabarani ndipo unizike?"

Sikulia. Kilichoniingia ni hasira, na hasira haina subira. Nilimwendea Dalmas, mchuuzi wa sokoni, akaniuzia haluli, akaniapia kwamba nitakonda kabla ya Jumapili. Kweli nilikonda. Siku nzima nzima nilihamia chooni, na Jumapili gauni lilinipwaya, nikaenda kanisani nimeinua kidevu. Kabla ya mwezi kwisha mwili wangu ulirudi, tena ulirudi na wageni.

Mama, ambaye wakati huo alikuwa amepata nafuu, alinisikiliza hadi mwisho bila kunionea huruma. "Kuhara si kupungua," alisema. "Umefukuza maji. Mazoea yako yamebaki pale kwenye kiti, yanakungoja. Kesho njoo hadi pale ulipokwama. Usipande zaidi. Pumzika, urudi. Keshokutwa upapite kidogo."

Dawa yote ni hiyo. Naijua midomo itakayobetuliwa hapa: mbona ndogo hivyo? Ndiyo, ni ndogo, na ndiyo maana wengi hawaimezi. Nawaandikia ninyi mlio na mabinti, kwa sababu moyo wangu hautulii nikiona wasichana wetu wakiolewa na viti. Nilitembea kila alfajiri, umande ukinilowesha pindo. Sikujinyima chakula, maana anayejishindisha njaa huja kula na deni la njaa. Nilikula nduma za kuchemsha, maharagwe, mboga ya terere kutoka shamba la Mama, nikishiba naacha. Chai bila sukari mwanzoni ilikuwa kama maji ya kuoshea sufuria. Mkate niliuacha uwe mgeni wa Jumapili. Krismasi nilianguka, nikala mandazi kama mtu aliyeahidiwa kwamba kesho yatapigwa marufuku. Asubuhi yake nilipanda mwinuko nikiwa na kiungulia, lakini nilipanda. Siku nilipofika juu, Mama alikuwa akipepeta maharagwe. Alinitazama, akasogeza ungo, akanipa nafasi.

Huko juu wanawake walikuwa na kikundi cha kulimiana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Sisi wake wa wenye maduka hatukwenda. Tulituma sukari, ikatulimia. Siku nilipotokea na jembe, kiongozi wao, Wamboi, aliegemea mpini akanikagua toka chini hadi juu.

"Leo hujatuma sukari, umeleta mikono. Kwani imekwisha dukani?"

"Sukari ipo," nilimjibu. "Aliyekuwa akiisha ni mimi."

Walicheka hadi mmoja akaketi chini. Kisha wakanipa mstari wangu, si mfupi kuliko ya wengine.

Habari ilinitangulia Ruiru. Nzioka, Mkamba mwenye lori lililotuletea unga kutoka Thika, alimvuta Gerishon kando akamwuliza kama kuna matatizo, maana anaona Mama Waceke amepungua na anashika jembe. Gerishon hakunigombeza. Hilo nililiona kama ushindi. Nilikosea.

Kesho yake niliporudi kutoka shambani nilimkuta binti yetu Waceke kwenye kiti. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alikuwa na mkate wa siagi mkononi na kikombe magotini, na mtungi wake wa maji ulikuwa umepinduliwa kando ya ukuta. Baba yake alikuwa amemwambia kuwa mtoni hataenda tena. Mabwana wema, alimwambia, hawaoi mifupa. Mteja mmoja alisema kwa utani kwamba kibao kilipauka, sasa kimepakwa rangi mpya. Waceke akanitabasamia, siagi midomoni. Lakini si siagi iliyonichoma. Alikuwa amekunja miguu yake na kuulaza mkono tumboni hasa kama nilivyokuwa nikifanya mimi.

Nilipita kati ya wateja hadi kwenye mizani. Nilimwaga sukari iliyokuwamo ndani ya gunia lake, nikalifungua fundo la ukanda wangu. Lilikuwa gumu; nilitumia meno. Mizani ikashuka mikononi mwangu, nikaiweka juu ya kaunta mbele ya Gerishon.

"Unafanya nini, Mama Waceke?"

"Nachukua kilicho changu."

"Watu wanatazama. Unataka waseme nimefilisika?"

"Waache waseme. Wakimaliza kusema, nitakuwa hai. Na huyu sikumzaa awe kibao." Nikamgeukia msichana. "Inuka, tunakwenda kuni."

Waceke alimtazama baba yake, kisha mkate. Aliuweka juu ya mto mwekundu, akainuka.

Sisifu mzigo. Mzigo ulimpinda mama mkwe wangu, na anayewatwika wanawake kama punda ana hukumu yake. Tulibeba kidogo, kiasi tulichojichagulia. Lakini tulipita nacho mbele ya duka, katikati ya barabara, jua likiwa bado kali na kila mtu akiona. Gerishon alikuwa akimpimia mtu sukari. Mizani ilikuwa imerudi mahali pake, imening'inizwa kwa mshipi wa suruali yake, ule aliokuwa akiutoboa matundu mapya kila mwaka. Kwa mkono mmoja alishika kipimo, na kwa mwingine suruali. Hakuna aliyethubutu kucheka. Mimi nilitaka, kisha nikaona jasho lililomtoka kwa kuinua mkono tu, nisicheke.

Usiku ule alikula nduma nilizompakulia, bila kuuliza siagi iko wapi. Kabla ya kulala alinyoosha kidole, akagusa paji la uso wangu pale ukanda ulipoacha mstari mwekundu. Aliuliza kama unauma. Nilimwambia kidogo.

Alfajiri niliondoka na Waceke. Tulivuka mto, tukaanza kupanda, ukungu ukiwa bado umelalia nyasi. Hatukuwa tumefika mbali nikasikia nyuma yetu viatu vizito, na pumzi ya mtu anayehema kama nilivyohema mimi siku ile kando ya njia. Vilisimama. Vikaanza tena.

Sikugeuka, wala sikupunguza hatua. Nilimwambia Waceke aimbe, apaze sauti kidogo, ili aliye nyuma ajue njia ilipo.