Jina Lisilo na Marehemu

Wiki nzima Ephraim hakuwa na kazi nyingine ila kulisifia jina alilomchagulia mwanawe mchanga. Pale mwaloni Mwigobero, mitumbwi inakoegeshwa, wauza dagaa walishamchoka. Alden! Alilitoa kwenye simu na habari zake zote kazikariri: jina la Waingereza wa kale, maana yake rafiki wa zamani, na hata huko kwao siku hizi wanaoitwa hivyo ni wa kutafuta. "Musoma nzima halipo," alisema, kifua mbele. Gody muuza sangara akasema basi na yeye mkewe akijifungua wa kiume atamwita hivyo hivyo, na fundi wa mashine za boti akadakia kwamba wa kwake pia. Mtoto mwenyewe hajabatizwa, jina adimu limeshaanza kugombaniwa.

Lakini tuseme ukweli jamani, Kiingereza chenyewe Ephraim hakukipenda kiasi hicho. Alichokipenda ni kwamba jina lile halikuwa na mtu ndani yake. Kwao Butiama mtoto wa kiume hupewa jina la marehemu wa ukoo, na aliyekuwa akisubiri zamu alijulikana: Burito, kaka yake, aliyezama ziwani miaka minne iliyopita. Kila mtu alingoja kumsikia Burito mdogo. Ephraim ndiye hakutaka, maana angeanzaje? Burito, njoo ule. Burito, vaa viatu. Hata akilisikia kwa mtu baki moyo ulimchoma.

Na sababu ilikuwepo. Mtumbwi ulikuwa wa wao wawili, na kazi ya kuziba nyufa kwa pamba ilikuwa ya Ephraim. Siku ile aliiacha pamba nyumbani kwenye mfuko wake, akapanda basi kwenda Bunda kumwona Recho, ambaye wakati huo alikuwa bado anamzungusha. Burito akapiga simu: umeziba? Ephraim yuko pembeni ya binti, anacheka, akajibu: nimeziba, nenda tu. Basi, ndivyo alivyosema. Burito akaenda, maji yakaingia, na Recho leo ni mke wake.

Jumamosi, kesho yake ndiyo ubatizo, mtoto akaanza kulia pale nyumbani kwao Kitaji. Akalia tangu asubuhi mpaka jua la utosi, titi hataki. Wakampima, homa hana. Mama Matrida, mama yake Ephraim, aliyekuja toka Butiama kumhudumia mzazi, akanawa mikono akamchukua.

"Huyu mume wangu haumwi," akasema. "Anakataa hilo jina lenu la kwenye simu. Hebu tumuulize mwenyewe yeye ni nani. Recho, toa titi."

Siku nyingine Recho angecheka, lakini alichoka hoi. Akampokea mtoto. Utaratibu ni huo huo wa tangu zamani: mtoto anasogezewa titi, marehemu anaitwa kwa jina, na jina atakalonyonyea ndilo lake.

"Ni wewe Nathanieli?" bibi akaita. Kelele.

"Stanislausi?" Kelele mara mbili.

"Haya, Baltazar, baba yao, ni wewe?" Mtoto akageuza shingo kabisa.

Ephraim alisimama mlangoni, akijua ni nani anayefuata. Bibi akaishia hapo.

"Mama, bado Burito," Recho akamkumbusha.

"Najua. Hilo siliiti mimi." Akamgeukia mwanawe. "Huyo ataitwa na mwenye neno naye."

"Neno gani, Mama?" Ephraim akauliza.

"Nilikuwepo mwaloni walipouvuta ule mtumbwi. Mimi na marehemu baba yako tulikuwaga tunaziba mitumbwi wewe hujazaliwa. Niliuona ule ufa, Ephraim. Hauna hata uzi wa pamba. Nikaja nyumbani kwako, pamba nikaikuta mfukoni, haijafunguliwa."

Miaka minne! Miaka minne mama huyu amempakulia chakula, amemwombea kwa jina kila aendapo kanisani, na wakati wote anajua. Ephraim alitamani ardhi ipasuke.

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nimeshazika mmoja. Ningekusema wewe, ningebaki na nani?"

Recho alikuwa anamtazama mumewe, kisha mtoto, kisha mumewe tena. "Siku ile ulikuwa kwangu," akasema taratibu. "Uliongea na simu. Mimi ndiye niliyekuuliza unacheka nini."

Ephraim akaitikia kwa kichwa. Akapiga magoti sakafuni mbele ya mkewe.

"Burito," akaita. Halikutoka vizuri, akaanza upya. "Burito. Sikuuziba, kaka. Nilikudanganya. Nisamehe."

Mtoto akaendelea kulia. Ephraim akamwinulia mama yake uso uliolowa. "Hataki, Mama. Hata yeye hanitaki."

"Umemwita mara mbili tu, umeshachoka?" Mama Matrida naye sasa machozi yalikuwa yanamtoka, hayafuti. "Endelea kumwita. Wavuvi waliomsikia kwa mbali akizama walinambia, yeye alikuita sana."

Recho akamsogezea mtoto titi tena, na Ephraim akaendelea kuita.