Mfalme Anachelewa Kula

Mwaka ule Wareno walipomtimua mfalme wao, aliyefurahi kuliko wote Malindi alikuwa Tribhovan, mwenye duka la nafaka. Gazeti lilimfikia kutoka Bombay limechakaa, na habari zenyewe zimeshapoa, lakini yeye alizipasha moto kila siku kwenye baraza ya duka lake. Mfalme ni nani hata asiulizwe? Watu watunge sheria zao! Biashara iachwe huru, mwenye mali amuuzie amtakaye! Wanunuzi waliitikia, wengine kwa kukubali, wengine kwa kuwa bado hawajapimiwa chumvi.

Nyuma ya duka, jikoni, mkewe Gomti aliyasikia yote hayo na njaa yake tumboni. Nyumba ile ilikuwa na desturi iliyotoka nayo ng'ambo: mwanamke hali mpaka bwana mwenye nyumba ale. Na bwana mwenye nyumba hali mpaka wafalme wote wa dunia awamalize. Adhuhuri ikiadhiniwa msikitini, chapati zilikuwa za moto. Tribhovan akija, zimekakamaa kama soli ya kiatu.

Gomti mwenyewe alishazoea. Tangu aolewe hakuijua ladha ya wali wa moto mchana, akawa anajidai haupendi. Lakini sasa kulikuwa na Hansa, mke wa mwanawe Shantilal, tena mjamzito. Siku moja Hansa alishika ukuta, akateleza taratibu hadi sakafuni. Gomti alimnyunyizia maji usoni. Moyo ulimuuma, kisha ukamchemka.

"Kula, mwanangu."

"Baba hajala, Mama," Hansa akanong'ona. "Nitaanzaje?"

Huko barazani Tribhovan alikuwa amefika kwenye biashara huru, sauti juu. Uani alikuwa ameketi Kadii, mama wa Kigiriama aliyeteremka alfajiri kutoka Sabaki na simsim yake, anangoja hotuba iishe apimiwe. Kando yake palikuwa na kikapu cha bamia.

"Kadii," Gomti akamwita, "wataka wali?"

"Wali wa nani?"

"Wa bwana. Nauza. Nipe hizo bamia."

Kadii alimtazama, akautazama mlango wa duka, akacheka mpaka akaziba mdomo kwa kiganja. "Ulete, Mama Shantilal. Na dengu usinipunje."

Alilila fungu zima la Tribhovan, wali, chapati, dengu na achari ya maembe, akalamba na vidole. Gomti akarudi jikoni na bamia zake.

"Hansa, chakula cha baba mkwe wako kimeshaliwa. Hakuna tena cha kungoja."

Hansa alisita kidogo, kisha njaa ikamshauri vizuri. Wakala pamoja, mvuke ukiwapanda usoni, na Gomti akagundua kwamba wali wa moto anaupenda sana. Machozi yalimtoka, akaisingizia pilipili.

Baadaye Tribhovan aliingia, akaketi kwenye kibao chake, akangoja sahani. Sahani haikuja.

"Chakula changu kiko wapi?"

"Nimekiuza, Baba Shantilal."

"Umekiuza! Kwa idhini ya nani?"

"Mwenye mali amuuzie amtakaye. Na aliyepika ni mimi."

Tribhovan alifungua mdomo, lakini Kadii akamtangulia kutoka uani. "Mimi sasa nimeshiba, bwana. Endelea na yule mfalme!"

Hansa alivuta mtandio usoni, akataka kuinuka mbele ya baba mkwe. Gomti akamshika mkono akamkalisha. Tribhovan akaiona sahani ya mkwewe, akaliona na tumbo lake la ujauzito. Akainamisha kichwa.

"Hizo bamia," akasema polepole, "zitaiva lini?"

"Zikiiva utajua. Ila kuanzia kesho, adhana ikilia tunakula. Atakayekuwepo atakula, asiyekuwepo yuko barazani."

"Hiyo ni amri?"

"Ni sheria. Tumeitunga wenyewe."

Kesho yake, adhuhuri ilipoadhiniwa, mfalme wa Wareno alikuwa ndiyo kwanza anakimbilia bandarini. Tribhovan alimwacha njiani hapo hapo, akachomeka miguu kwenye makubadhi yake, akaingia ndani mbio.