Kiuno cha Marehemu

Gauni lilikataa kufunga kwa mara ya tatu. Kulabu za mgongoni zilibaki zinatazamana, nafasi ya vidole viwili katikati yao, na msichana aliyekuwa ndani yake alikuwa amebana pumzi hadi midomo imempauka.

"Vua," fundi akasema. "Vua kabla hujanizimikia hapa."

Huyu fundi, ambaye jumba zima la maonyesho linamwita Mama Sindano, ameshona mavazi ya bale, ile dansi ya ncha za vidole, miaka ishirini na mbili, na hajawahi kuaibishwa na kiuno cha mtu. Mchezaji humpima mara mbili: akiwa ametoa pumzi, kisha akiwa ameivuta na kuinua mikono. Nguo huikata kwa kipimo cha pili, la sivyo mtu atakwama katikati ya mzunguko. Na mwalimu wa dansi alishasema wazi: kesho asubuhi ni mazoezi ya mavazi kamili, na atakayeshindwa kucheza ndani ya vazi lake, nafasi yake itachukuliwa na mwingine.

Tena msichana huyu hakuwa mchezaji tu. Alikuwa mtoto wa dada yake. Dada mtu aliicheza nafasi hii hii, kwenye jukwaa hili hili, akafa kwa homa kabla binti hajaanza kung'oka meno ya utoto.

"Mpunguzie sahani, Mama Sindano!" mafundi wenzake wakatania kutoka kwenye cherehani zao.

Hakucheka. Tangu juzi, kila alipoinamia kitambaa, alisikia mtu nyuma yake akivuta pumzi taratibu, akisubiri kupimwa. Aliogopa, sikatai. Lakini pia alifurahi, na hilo ndilo lililomtia haya.

Msichana akachukua daftari mezani. "Mama mdogo, uliposoma tepu nilikusikia kwa masikio yangu. Sitini na tano. Mbona hapa umeandika sitini na moja?" Akafunua nyuma, akafunua tena. Sitini na moja. Sitini na moja. "Hiki ni kiuno cha nani?"

Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. Mdomo ulitaja hiki, mkono ukaandika kile, mara tatu, mchana kweupe.

"Cha mama yako," fundi akasema.

"Sasa unanishonea mimi au unamshonea yeye?" Hakuuliza kwa hasira, ingekuwa afadhali. "Maana nikiikosa nafasi hii, mama mdogo, yeye hatarudi kuicheza."

Ile pumzi ikasikika tena, karibu kabisa na shingo. Fundi hakugeuka.

"Inua mikono. Vuta hewa. Safari hii soma wewe, kwa sauti, mpaka nimalize kuandika."

"Sitini na tano. Tano. Tano, mama mdogo."

Akaandika, akakata, akashona. Kabla jua halijazama kulabu zote zilifunga. Msichana akazunguka kwa ncha za vidole, akahema vizuri, akacheka.

Fundi akatega sikio nyuma yake. Kimya. Hapakuwa na mtu.

"Zunguka tena, mwanangu," akasema. Akamzungusha tena na tena, ili apate kulia akiwa amepewa mgongo.