Kikapu cha Mke wa Mlanguzi

Kila Jumatano jioni Tamima binti Zahor alikamatwa na polisi. Kila Alkhamisi asubuhi watu wa mtaa wake wa Mlandege walimwadhibu.

Ndiyo kazi aliyoipata televisheni ilipoingia Unguja, ya rangi, na majivuno yake, wakati mchele dukani ni wa kugombaniwa. Ulikuwa mchezo wa wezi na polisi. Shujaa ni Inspekta. Tamima ni mke wa mwizi. Mwizi hubadilika, mke habadiliki: leo wa mlanguzi wa sukari, wiki ijayo wa mtu wa magendo ya karafuu. Msabah, msimamizi wa mchezo, alimchagua kwa sababu ya pua yake iliyochongoka. "Sura ya kibwanyenye hiyo, haitaki hata poda," alisema, akacheka peke yake. Bwanyenye gani! Nyumba ya babake ilichukuliwa na serikali mwaka wa Mapinduzi, sitini na nne, na tangu hapo yeye na mamake wamo chumba kimoja, wanakula wanachopata foleni.

Na foleni ndiyo iliyomshinda. Watu huweka vikapu vyao alfajiri mbele ya duka la mgao, wakarudi majumbani. Kikapu ndiye mtu. Cha Tamima kilipigwa teke kila Alkhamisi.

"Una magunia uvunguni, shoga, tumeyaona jana!" alipiga kelele Kazija, jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

"Yale ya mchezo, Bi Kazija."

"Mchezo! Mbona Inspekta katoboa, imemwagika sukari khasa?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Watu wazima hao, wenye ndevu na wajukuu! Siku ile mchele haukufika chumbani; mamake Tamima, meno hana, akatafuna muhogo tena.

Lakini Kazija hakukosea: sukari ilikuwa sukari. Gunia lilitolewa ghala la umma kwa ajili ya picha, na mchezo ukisha Msabah hulipakia garini mwake. Inspekta, simba wa kila Jumatano, humshikia mlango.

Tamima akamwendea Msabah. "Bwana, siku moja tu nnaomba nicheze muuguzi, mwalimu, yeyote. Kikapu changu hakikai foleni."

"Wewe? Umma unataka kumwona adui wake, bibi. Muuguzi! Nani atakuamini?"

Jumatano ile mchezo ukaenda hewani papo kwa papo, kama desturi, hakuna kurudia. Inspekta akaligonga gunia kwa fimbo. "Sukari hii ya nani?"

Tamima alitakiwa apige magoti, alie, amtaje mumewe. Akabaki wima.

"Ya Bwana Msabah. Tukimaliza inakwenda kwake, nawe humshikia mlango wa gari."

Picha ikakatika, watu waliojaa kumbini mtaani kutazama wakaonyeshwa maua, na taarabu juu yake.

"Usirudi tena," Msabah alimwambia. "Na ushukuru ni hivyo tu."

Hakushukuru. Alfajiri akaweka kikapu, akasimama pembeni yake. Ndimi zilizomchapa mke wa mwizi wa kubuni, zilipotajiwa mwizi wa kweli zilikauka. Wengine walichungulia barabarani, isije ikapita gari.

Kazija akasogea, anajifanya kufunga kanga.

"Gari ya Msabah ndiyo ile ya buluu?"

"Ile ile."

"Hupita mlangoni pangu kila Jumatano," akanong'ona. "Nami nkidhani kapakia saruji."

Akatazama kushoto na kulia, kama mwizi khasa, kisha akakivuta kikapu chake nyuma kwa mguu, akakitia cha Tamima mbele.

"Haya, kaa hapo," akasema, sasa kwa sauti. "Na usinisukume."