Kitasa cha Kumzuia Fundi

Simu ilimkuta fundi vitasa amepiga magoti mbele ya kabati la ofisi, bisibisi mdomoni. Aliyepiga alikuwa mkewe.

"Halo, hapo ni kwa fundi?"

"Ndiyo, mama. Nikusaidie nini?"

"Nataka nibadilishiwe kitasa leo hii. Kuna mwanamume sitaki aingie tena kwangu."

"Mwanamume gani huyo?"

"Mume wangu."

"Pole, mama. Nakuja."

Asipokwenda yeye ataenda nani? Mji mzima, mke wake alimwamini fundi mmoja tu.

Mwanamke yule akitulia, asali ilikuwa haioni ndani. Lakini akihisi anaachwa, hata kwa kuitikiwa "sawa" kavukavu, asali iligeuka shubiri papo hapo. Mshauri wa hospitali alikuwa amewatajia jina la maradhi yale, jina refu kuliko foleni ya kumwona, kisha akawafafanulia kwa lugha ya nyumbani: mama anaogopa kuachwa kama aliyeungua anavyoogopa moto, na hofu ikipanda, kila mmoja hudhani anausoma moyo wa mwenzake, kumbe anausoma wake mwenyewe. Wakaitikia, wakashukuru, wakagombana njia nzima kuhusu nani hasa aliyekuwa anasemwa.

Safari hii fundi alikuwa amechoka. Dada yake ameshamtandikia kitanda, na begi la nguo alikuwa nalo begani pamoja na vifaa vya kazi. Amejiapiza: afunge kitasa hiki, kisha aende zake, asirudi.

Mlangoni akamkuta jirani anaanua nguo.

"Shemeji, leo kafukuzwa nani?"

"Mimi."

"Na anayefunga?"

"Mimi."

"Haya, kazi njema."

Mlango wenyewe ulishatobolewa kwa vitasa vya ugomvi hata ukafanana na chekeche. Ubao mzima uliosalia ulikuwa chini kabisa, usawa wa goti. Fundi akapiga patasi, akakaza skrubu, mkewe kasimama juu yake, mikono kiunoni.

"Kaza vizuri. Huyo mtu ni mjanja."

"Nimekaza, mama."

Mke akausukuma mlango ukajifunga. Ukashika barabara. Akageuka kushukuru, akamwona fundi yuko naye ndani.

"Sasa mbona umo?"

"Nilikuwa nafanya kazi."

"Toka nje, ili usiingie."

Fundi akafungua kwa ufunguo, akazirudisha funguo mfukoni, akatoka. Mlango ukabamizwa, kitasa kikajifunga. Hapo ndipo alipotakiwa aende zake, na miguu ikakataa. Akapiga magoti, akachungulia kwenye tundu la kitasa cha zamani. Upande wa pili akakutana na jicho.

"Najua unachowaza," likasema jicho.

"Hata mimi najua unachowaza wewe," akajibu fundi. "Umekasirika."

"Sijakasirika."

"Basi unanichukia."

"Ona sasa! Hujui kitu. Haya, kitendawili."

Fundi akakohoa. Mchezo huu walikuwa wakiucheza zamani za uchumba, mikono mitupu na hawana hata redio.

"Tega," akasema.

"Nina nini rohoni?"

Majibu yakamjaa fundi mdomoni, yote makali: kiburi, wivu, ukorofi. Akayatafuna moja moja, akaona hakuna hata moja alilo na hakika nalo. Miaka yote alikuwa akijibu kabla ya kufikiri, na kila jibu lilikula ubao wa mlango.

"Sijui," akasema. "Kweli sijui. Chukua mji."

Mke hakuzoea kupewa mji. Mumewe hakuwahi kukubali kushindwa.

"Nautaka wenye maji bombani saa zote."

"Chukua, pamoja na meya wake. Sasa tegua."

Anayepokea mji sharti ataje jibu, ndiyo sheria. Mke akalitafuta jibu, akaona kumbe hata yeye hana. Akaliokota vipandevipande.

"Asubuhi nimeona mswaki wako haupo kikombeni. Nikasema ameondoka. Kifua kikabana, nikashindwa hata kukaa. Nikaona bora nikufukuze kabla hujaniacha."

"Mtu ameshaondoka, utamfukuzaje?"

"Hapo sikufika."

Fundi akajipapasa mfukoni. Mswaki ulikuwemo, umejaa kutu: alikuwa ameuchukua akidhani ndio ule mkuukuu wa kusugulia vitasa. Akauonyesha tunduni. Jicho likausogelea.

"Umesugulia makufuli ya watu mswaki mzima?"

"Nimesugulia."

Kicheko kikamtoka mke, cha puani, kisha kikakatika. Alikuwa ameona nguo zikichungulia kwenye begi alilodhani ni la vifaa.

"Na hilo begi?"

"Zamu yangu," akasema fundi. "Kitendawili. Mimi nina nini rohoni?"

"Umenichoka."

"Siyo yote."

"Unakwenda kwa dada yako."

"Hilo liko begini. Nimeuliza rohoni."

Mke akaegemeza paji la uso kwenye ubao.

"Chukua mji," akasema taratibu. "Wangu ni mdogo, lakini chukua."

Hili fundi hakuwa amelisema popote, hata kwa dada yake.

"Naogopa. Kila ukiniita fundi naitika kama mchezo, lakini naogopa iko siku utamwita fundi mwingine."

"Wewe nawe unaogopa?"

"Sana."

"Mbona hujasema?"

"Hujauliza. Na mimi sikukuuliza lako."

Mke akashika kitasa, akavuta, mlango ukagoma.

"Funguo ziko wapi?"

"Mfukoni mwangu. Zote mbili."

"Yaani muda wote huu ungeweza kufungua?"

"Ulisema hutaki niingie."

Mke akaleta kiganja tunduni. "Nipitishie mmoja."

Fundi akaupitisha tunduni. Wa pili akabaki nao kiganjani, hajui aufanyeje. Hakubahatisha; akauliza.

"Na huu?"

Akasikia mkewe akivuta pumzi nyuma ya ubao.

"Kaa nao. Ila leo bado natetemeka. Nikinyamaza jioni, usiseme unajua kwa nini."

"Nitauliza."

"Na mimi nikisema najua, unikatalie."

"Kwa sauti ya chini?"

"Ya chini."

Fundi akalivua begi begani, akaliweka chini na, akiwa bado amepiga magoti, akaingiza ufunguo.