Picha Mahali pa Msalaba

Kabula alikuwa anakoroga uji wa watoto wa chekechea ya kanisa, pale Misugusugu, bodaboda ilipoleta picha. Ilikuwa na urefu wa mtoto wa miaka mitano. Ndani ya fremu Nabii, mwenye kanisa, alikuwa amevaa suti nyeupe na anatabasamu.

Katibu Gregori akaitundika ukumbini mahali pa msalaba. Msalaba akauleta jikoni, akauegemeza kwenye gunia la mkaa. Kabula alishtuka hata mwiko ukamponyoka.

"Katibu, huu unakaa hapa?"

"Kwa muda, Mama Tito. Njoo usaini agizo. Kila mfanyakazi asubuhi anapiga magoti mbele ya picha, anaigusa, anasema, 'Baba, nifungulie.'"

Kabula akamfuata ukumbini. Walimu wawili wakapiga magoti. Mmoja akafuta viatu vya Nabii kwa kanga, akavibusu.

Jumapili iliyopita tu, Gregori huyohuyo ndiye aliyeshika kidumu cha petroli waumini walipochoma vitu vyao vya mila. Ilisomwa amri, usiwe na miungu mingine ila mimi, na Kabula akauvua mkononi ushanga mweupe wa bibi yake, akautupa motoni. Kwao, mtoto aliyerithi jina la bibi hurithi na ushanga wake. Jana baba yake, Mzee Ngeleja, alikuja kutoka Dutumi kuuliza kama ni kweli.

"Mwanangu, kuna siku ulituona tukiuabudu?"

Mzee akarudi kwa ng'ombe wake bila kunywa hata maji.

"Mama Tito, asiyesaini hana kazi," Gregori akasema, akimpa kalamu. "Agizo si langu."

Kabula akawaza shule ya Tito, sukari iliyopanda tena, chumba cha kupanga. Akaiweka kalamu mezani.

"Mlituchomea vitu vyetu kwa amri hiyohiyo, Katibu."

"Vile vilikuwa sanamu. Hii ni picha tu."

"Na ule ulikuwa ushanga tu."

Gregori akatazama chini. Kisha akatafuta rula, akalikata jina la Kabula kwenye orodha ya wafanyakazi kwa mstari ulionyooka.

Kabula akarudi jikoni, akawapakulia watoto wote uji. Akaufuta msalaba vumbi la mkaa kwa aproni, akaubeba hadi getini. Matano, mlinzi, akamzuia kwa upole.

"Samahani, mama. Katibu kasema hiyo ni mali ya kanisa. Inarudi stoo."

Akamkabidhi. Akatoka kuelekea barabarani, mkono wa kulia ukipapasa kifundo cha mkono wa kushoto, mahali palipokuwa na ushanga.